"Amri moja tu": acheni kudanganya watu

Kuna maneno matatu ambayo siku hizi yananikera kuliko kuambiwa benki haina mtandao. Maneno yenyewe ni "amri moja tu". Utayasikia kila wanapokutana watengenezaji programu watatu hapa Nairobi, na utayasoma katika kila maelekezo ya jinsi ya kujiwekea huduma yako mwenyewe kwenye mashine pepe ya wingu. Unakodisha mashine, unasakinisha Docker, unanakili faili ya YAML ambayo hujaisoma, unaandika docker compose up -d na eti sasa una huduma. Dakika tano! Kwaheri Google, kwaheri Dropbox, data yangu iko mikononi mwangu.

Mimi nasema huo ni uongo, tena si uongo mdogo.

Kabla hamjanirukia, niseme kwamba mimi si adui wa kujiwekea huduma. Nina Nextcloud yangu inayokaa ndani ya makontena, kwenye mashine ya kukodi, na sina nia ya kuiacha. Programu huria ndizo zilizonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote la chuo. Ninachopinga ni kumwambia mtu, awe mwanafunzi wa mwaka wa pili au katibu wa kanisa, kwamba kazi imekwisha pale maandishi ya kijani yanapotokea kwenye skrini. Kazi haijaanza hata. Na anayeumia mwishowe huwa si yule aliyeandika amri. Ni watu wengine waliomwamini wakampa stakabadhi zao.

Tuanze na kontena lenyewe, maana nusu ya uongo huu inatokana na jina. Ukisikia kontena unafikiria lile sanduku la chuma pale bandari ya Kilindini, limefungwa kwa kufuli, kilichomo ndani hakigusani na cha nje. Kontena la kompyuta si hivyo. Ni prosesi za kawaida za Linux ambazo kerneli imezizuia zisione mfumo wote, ikaziwekea pia kikomo cha kumbukumbu na cha muda wa prosesa. Hicho kikomo kinaitwa cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia katika Linux 2.6.24 mwaka 2008. Docker haikubuni hayo. Alichofanya Solomon Hykes na wenzake wa dotCloud, walipoionyesha hadharani Machi 2013, ni kuyafanya yawe mepesi kutumia, na kukupa njia ya kufunga programu pamoja na vyote inavyotegemea kuwa imeji moja unayoweza kuivuta popote. Ni kazi nzuri sana na siidharau.

Lakini kerneli ni moja na makontena yote yanaitumia. Ndiyo maana kasoro ya runc iliyotangazwa Februari 2019 (CVE-2019-5736), na nyingine ya Januari 2024 (CVE-2024-21626), ziliweza kumpa mtu aliye ndani ya kontena njia ya kutokea hadi kwenye mashine yenyewe. Na kama umemtia mwenzako katika kundi la watumiaji linaloitwa docker ili "asisumbuke na sudo", basi umempa mamlaka yote ya root. Hukumwambia, na pengine wewe pia hukuambiwa.

Chini ya kontena kuna mashine pepe. Chini ya mashine pepe kuna kompyuta ya chuma na waya, nayo ni ya mtu mwingine, mara nyingi iko nchi nyingine, na inalipiwa kwa dola. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watu wengi hapa walijua kwa mara ya kwanza kwamba ile "mikono yangu" iliyoshika data ilikuwa Frankfurt. Nitarudi kwenye habari ya dola.

Sasa tuje kwenye faiawoli, jambo linalonipandisha hasira kuliko yote. Karibu maelekezo yote ya dakika tano hukuambia usakinishe UFW kwenye Ubuntu, ufungue poti 22, 80 na 443, uiwashe. Vizuri. Unaandika ufw status, unaona mengine yote yamefungwa, unaenda kulala. Halafu ndani ya ile faili uliyoinakili, kwenye sehemu ya hifadhidata, kuna mstari mfupi chini ya neno ports, umeandikwa "5432:5432".

Hifadhidata yako iko wazi kwa dunia nzima. UFW itaendelea kukuambia kwamba imefunga.

Msiseme natunga. Docker wenyewe wameliandika jambo hili katika nyaraka zao. Inavyotokea ni hivi. UFW huweka sheria zake hasa kwenye njia ya paketi zinazoingia katika mashine yenyewe, ile inayoitwa INPUT. Docker nayo, unapochapisha poti, huandika sheria zake katika jedwali la nat la iptables. Paketi ikifika tu, kabla haijakaribia INPUT, anwani yake ya kwendea inabadilishwa kuwa ya kontena. Kuanzia hapo kerneli haiioni tena kama paketi ya mashine hii. Inaiona kama ya kupitishwa kwenda kwingine, inaipeleka njia ya FORWARD, na huko Docker imekwisha kuiruhusu. Ni kama ploti yenye askari kwenye lango kuu anayeandika kila mgeni kwenye daftari, na nyuma kuna ukuta ambao fundi aliutoboa ili aingize mchanga. Ukimuuliza askari atakuambia hakuna mgeni aliyepita. Hasemi uongo, kwake hakupita mtu.

Dawa yake haizidi herufi kumi. Andika "127.0.0.1:5432:5432" ili poti isikike ndani ya mashine tu. Afadhali zaidi, futa mstari wote, kwa sababu makontena yaliyo katika mtandao mmoja wa compose huonana kwa majina bila kuchapisha poti yoyote. Nextcloud itaiona Postgres. Hakuna mwingine anayehitaji kuiona. Kama mtoa huduma wako ana faiawoli yake iliyo nje ya mashine, iwashe hiyo pia, maana huko Docker haina mkono. Halafu usiiulize seva kama iko salama. Washa bando kwenye simu, unganisha kompyuta yako kwenye simu hiyo, na ujaribu kuifikia ile poti kutoka nje kwa nmap. Ndivyo atakavyofanya mkora.

Na wakora wanafanya. Januari 2017 maelfu kwa maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa, pakaachwa ujumbe wa kudai Bitcoin. Wapo waliolipa wasirudishiwe kitu. Hakuna aliyekaa chini akawachagua watu hao. Anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na kwa kompyuta za leo hiyo si idadi ya kutisha. Programu zinazipitia zote mchana na usiku. Haziangalii kama wewe ni benki au ni kikundi cha mazishi cha Kayole.

Jambo la pili ni lebo ya latest. Watu wanadhani maana yake ni "toleo bora" au "toleo salama". Maana yake ni chochote kile ambacho mwenye imeji ameamua kukiita hivyo siku unayoivuta, basi. Uliandika postgres:latest mwanzoni mwa 2024, ukapata toleo la 16. Ukivuta baada ya Septemba 2025 unapata 18. Postgres haisomi faili za data za toleo kuu jingine, kwa hiyo kontena litakataa kuwaka. Hapo ushukuru kwamba limekataa badala ya kuharibu. Tena imeji rasmi ya 18 ilibadilisha mahali pa kufungia volyumu. Zamani tulifunga kwenye /var/lib/postgresql/data, sasa inataka /var/lib/postgresql. Maelekezo ya zamani yamejaa kila mahali na hakuna anayerudi kuyarekebisha. Nextcloud nayo hairuhusu kuruka toleo kuu, lazima upande ngazi kidato kwa kidato. Ukiiacha miaka miwili, utatumia siku nzima kuifikisha ilipo.

Andika namba ya toleo. Soma maelezo ya toleo jipya kabla ya kuvuta. Na usiamini kwamba imeji unayoitegemea itakuwepo daima: mwaka 2025 Bitnami, ambayo sasa iko chini ya Broadcom, ilihamishia imeji zake nyingi za bure kwenye hazina ya "legacy" ambayo haisasishwi tena, na watu waliamka wakakuta msingi umehama.

Mengine nayapita haraka. Docker isipoelekezwa huandika kumbukumbu za matukio bila kikomo mpaka diski ijae, na Postgres kwenye diski iliyojaa haikai. Vyeti vya Let's Encrypt ni vya siku 90, na tangu Juni 2025 hawakutumii tena barua pepe ya kukukumbusha. Mashine ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu itaua hifadhidata yako saa nane za usiku mtu akipandisha video ya harusi. Hakuna hata moja kati ya haya lililo gumu kwa anayelijua. Ubaya ni kwamba hayatajwi.

Mtaniambia hizo ni shida za mafundi, zisiwahusu wananchi. Basi sikilizeni kisa hiki.

Mtaani kwetu kuna chama cha akina mama, wanachama 32. Mwaka 2023 kijana wa mmoja wao, ambaye amesoma kompyuta kama nilivyosoma mimi, aliwawekea Nextcloud kwenye mashine ya wingu. Hakuwadai hata shilingi. Wakahamishia humo kila kitu: kumbukumbu za mikutano tangu 2011, daftari la michango na mikopo, picha za vitambulisho vya wanachama na wadhamini wao, na makubaliano ya ploti waliyonunua pamoja. Wakafurahi. Daftari la karatasi liliachwa kwa sababu sasa walikuwa watu wa kisasa.

Malipo yalitoka kwenye kadi ya yule kijana. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegonga 160. Mashine ya dola 12 kwa mwezi ikapanda kutoka kama shilingi 1,480 hadi 1,920, bila mtoa huduma kuongeza hata senti. Kwa kampuni hiyo ni hela ya chai. Kwa kijana aliyepoteza kibarua ni chakula. Kadi ikakataliwa. Maonyo yalitumwa kwa barua pepe, kwenye anwani ya kazi aliyokuwa ameshaachishwa. Mashine ikasimamishwa, na muda wa masharti ulipokwisha ikafutwa pamoja na diski yake. Zilikuwepo picha za diski, zile ambazo mtoa huduma hupiga kila wiki ukimlipa kidogo zaidi. Zilikuwa kwenye akaunti hiyo hiyo, zikafutwa siku hiyo hiyo.

Mweka hazina ndiye aliyenipigia. "Kijana wangu, ile ofisi yetu ya kwenye simu haifunguki, na yule mwenzako hashiki simu."

"Mama, nipe jioni moja niitazame," nikamwambia.

Jioni ilikuwa ndefu kupita kiasi, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Anwani ya IP ilikuwa imeshapewa mteja mwingine. Niliifungua nikakuta duka la viatu.

Michango waliijenga upya kwa kupitia ujumbe wa M-Pesa kwenye simu za wanachama, mmoja mmoja, kwa wiki tatu. Mikopo ya pesa taslimu haikuwa na ujumbe. Hapo ndipo watu waliokuwa wakizikana na kuozeshana kwa miaka kumi na zaidi walianza kuitana wezi, na wawili wakajitoa. Kumbukumbu za mikutano hazijarudi wala hazitarudi.

Simtaji yule kijana na simlaumu yeye peke yake. Alifuata maelekezo neno kwa neno. Ninamlaumu aliyeyaandika akaishia kwenye "hongera, huduma yako iko tayari", akapata sifa zake, akaenda kuandika mengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waandishi hawa wanatusifia vitanda walivyovilalia usiku mmoja.

Na msisahau kwamba picha ya kitambulisho ni data binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari halisi ya madhara kwa mwenyewe, sheria inampa anayeishika saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa shughuli yenye mapato, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, itakayokuwa ndogo. Unapowawekea watu seva na kuondoka, umewaachia na wajibu huo. Je, uliwaambia?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuona chelezo za hifadhidata.

Chelezo huoza, tena kimya kimya. Mfano ninaoupenda ni wa GitLab, kwa sababu waliuandika wenyewe hadharani bila kuficha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akihangaika usiku na seva ya akiba iliyoachwa nyuma, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Folda ilikuwa na gigabaiti kama 300. Walikuwa na njia tano za chelezo na unakilishaji. Hakuna iliyowafaa. Ile ya pg_dump ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu toleo lake halikulingana na la seva, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Saa hizo sita za kazi za watu zilipotea. Na hao ni GitLab, watu wanaolipwa mishahara kulinda data!

Miaka minne baadaye, tarehe 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wateja walioweka chelezo mahali pale pale penye seva walijifunza kwamba wingu nalo lina paa na mbao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio ulionifanya niandike leo. Huna huduma mpaka uwe umeirejesha kutoka kwenye chelezo, kwenye mashine nyingine tupu, bila kuigusa ile ya kwanza. Kabla ya hapo una maonyesho. Maonyesho ni mazuri kwa kujifunzia, cheza nayo usiku kucha, lakini usimwalike mtu mwingine aweke kitambulisho chake humo.

Kurejesha ndiko kunakofichua yote. Utagundua kwamba kunakili folda ya Postgres ikiwa inawaka si chelezo, kwa sababu faili moja imenakiliwa sasa na nyingine baada ya dakika mbili, wakati hifadhidata imeshasonga. Unatakiwa utumie pg_dump. Utagundua kwamba kwa Nextcloud, pg_dump peke yake haitoshi. Unahitaji folda ya data, na unahitaji config.php yenye siri na chumvi ya nywila, na vyote vitatu viwe vya wakati mmoja, ndiyo maana unaiweka kwanza katika hali ya matengenezo. Unahitaji pia ile faili ya compose na ile ya .env, ambazo kila mtu huzisahau. Utagundua kwamba ulificha ufunguo wa restic ndani ya seva ile ile ambayo sasa tunajifanya imekufa. Utagundua kwamba volyumu haina jina ulilodhani. Ni heri ugundue hayo Jumamosi ukiwa umekaa na chai yako.

Mimi hufanya zoezi hili kila baada ya miezi mitatu. Ninakodisha mashine ya saa kwa mtoa huduma mwingine, ninaanza bila kitu ila chelezo na karatasi moja iliyopigwa chapa, na ninaangalia saa. Mara ya mwisho ilinichukua dakika 47, nyingi zikiwa za kungoja faili zishuke. Gharama haikufika shilingi 50. Chelezo zenyewe ziko kwenye akaunti nyingine, kampuni nyingine, na kadi nyingine, kwa sababu kadi kukataliwa ni maafa kama moto, tena hutokea mara nyingi zaidi.

Najua majibu mnayoyaandaa.

Kuna watakaosema dawa ni Kubernetes. (Hawakosi hawa.) Ndugu zangu, Kubernetes hugawa makontena kwenye mashine nyingi na kuyafufua yakianguka. Chama kina mashine moja ya gigabaiti 2. Ukiwawekea Kubernetes umewaongezea vipuri vya kuharibika, na bado hakuna hata kimoja kinachojua kulipa bili au kurejesha daftari lililofutwa.

Kuna watakaosema, basi watumie Google Drive. Kwa vyama vingi nakubali kabisa, na ningependa wapenzi wenzangu wa programu huria wawe na ujasiri wa kulisema hilo kwa sauti. Uhuru usio na mtu wa kuutunza si uhuru. Lakini wapo wenye sababu nzuri ya kukataa: hawataki akaunti nzima ifungwe na kampuni ya mbali wasiyoweza kuipigia simu, au hawataki stakabadhi zao zikae chini ya akaunti binafsi ya katibu ambaye kesho atagombana nao. Hao wanastahili huduma ya kweli, siyo ya dakika tano.

Na kuna wale watakaosema nawakatisha vijana tamaa. Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa. Zamani aliyetaka kuweka seva alisakinisha kila kipande kwa mkono, alisumbuka, akatukana, lakini mwisho wa siku alijua data inakaa folda gani kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua. Kontena limetuondolea usumbufu huo pamoja na ule ujuzi. Sitaki turudi huko, sina muda huo. Nataka kijana aambiwe ukweli kwamba kilichorahisishwa ni kuwasha. Kutunza hakukurahisishwa hata chembe, na pengine kumekuwa kugumu zaidi kwa sababu sasa mambo yamefichwa tabaka moja chini.

Kwa hiyo wewe unayeandika maelekezo, geuza mpangilio. Sehemu ya kwanza iwe ya kurejesha. Mwonyeshe msomaji jinsi ya kutoa chelezo, mwambie aifute mashine yote, aijenge upya, na umwonyeshe mahali atakapokwama. Ukimaliza, weka docker compose up -d pale mwisho kama unataka. Na kama unamwekea mtu mwingine, mwachie karatasi: bili inalipwa kutoka wapi, maonyo yanaenda kwa barua pepe ya nani, ufunguo wa chelezo uko wapi, na majina mawili ya watu wanaojua. Jina moja halitoshi. Watu huhama, huugua, huajiriwa Kigali.

Wale akina mama wameniomba niwawekee tena. Nimewapa masharti. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya chama ambayo mweka hazina na katibu wote wanaisoma, na ilipiwe kwa kadi ya akaunti ya benki ya chama. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Na hakuna kitambulisho kitakachopanda mpaka tufute ile mashine mbele yao wote, tuirudishe kwenye nyingine, na katibu asome kwa sauti yale yaliyokuwemo. Mwenyekiti aliuliza kwa nini tujenge kitu halafu tukibomoe siku hiyo hiyo. Mweka hazina akamjibu kabla yangu. Tumepanga Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.